Soma Kama Ilivyoandikwa

Abdiweli alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa Birmingham aliyeweza kuutibu: hakuweza kumsikia mtu akikosea neno akanyamaza. Angeweza kuvumilia njaa, baridi ya Februari, hata makelele ya mashine za kiwanda kule Aston, ambako kwa miaka kumi na minane alikuwa akifunga vitasa vya milango kwenye maboksi. Lakini mtu akisoma neno la Kijerumani kana kwamba ni la Kiingereza, loh! Mishipa ya shingo ilimsimama, na lazima amshushe mtu huyo mbele za watu.

Alizaliwa Isiolo, akalelewa Eastleigh, na tangu aondoke Nairobi akiwa na miaka ishirini na tano hakutulia mahali. Italia mwaka mmoja, Ujerumani mitatu, Denmark tisa, Uholanzi minne. Kila nchi ilimpa lugha na ikamnyang'anya kitu. Denmark ilimnyang'anya mke, aliyebaki huko na watoto wawili wasiompigia simu hata siku ya Idi. Alipofika Birmingham hakuwa na kitu cha kujivunia ila lugha alizobeba kichwani, na alijivunia, wallahi, alijivunia mpaka akachosha watu.

Kila Jumamosi baada ya alasiri aliketi katika mkahawa mdogo wa chai, nje kidogo ya Stratford Road, mtaa wa Sparkhill, kwenye meza ya pembeni. Wasomali wengine waliiita meza ya Waswahili, kwa sababu wanaoizunguka wote walikulia Kenya na wakitaka kucheka walicheka kwa Kiswahili. Hapo watu walimletea barua. Mji huu umejaa watu waliopitia Ulaya kabla ya kufika, na Ulaya haimsahau mtu. Itamfuata na bahasha hata baada ya miaka ishirini. Mwalimu, kama walivyomwita, alivaa miwani, akaisoma barua kimya mpaka mwisho, ndipo akaeleza. Hakutaka malipo. Alichotaka ni ule ukimya wa watu wakimsubiri afungue mdomo.

Tena alikuwa na daftari la kijani, kingo zimechakaa, ambamo aliandika maneno yanayofanana sura kutoka lugha hadi lugha. Burro, kwa mfano. Mwitaliano akisema burro anataka siagi, Mhispania anamtaka punda, na maneno hayo hayana hata babu mmoja. Slim je? Mwingereza anamaanisha mwembamba, Mholanzi mwenye akili, na Mjerumani, anayeliandika kwa herufi zaidi kidogo, anamaanisha kitu kibaya. Hayo kweli ni ndugu wa tumbo moja, alisema. Mama yao lilikuwa neno la kale la kitu kilichopinda, kisha kila mtoto akashika njia yake. Aliyapenda sana hayo ya ndugu waliotupana. Huenda alijua kwa nini, huenda hakujua.

"Msiangalie sura," alikuwa akisema huku akigonga meza kwa kidole. "Sura inadanganya wajinga. Ulizeni neno limetoka wapi, na sasa hivi linaishi kwa nani."

Mjinga wake aliyempenda kuliko wote alikuwa Edah. Huyu ni Mkikuyu wa Nyahururu, mama wa makamo, anayewaogesha na kuwalisha vikongwe katika nyumba moja ya wazee, na hata kanisani kwake wanajua hana maneno mengi. Siku moja binti mmoja wa Kisomali, Deka, alikuja na fomu kutoka Denmark akamkosa Mwalimu. Edah akajitolea. Kwenye fomu paliulizwa: gift, ndiyo au hapana? Edah akasema, weka tiki, mwanangu, nani anakataa zawadi?

Jumamosi iliyofuata Abdiweli aliishika ile fomu juu ili wote waione, kisha akamgeukia Edah.

"Dada Edah, hongera. Umemwoza Deka."

"Nimemwoza vipi tena?"

"Kwa Kidenishi gift ni mtu aliyeoa au kuolewa. Deka wa watu hajapata hata mposaji, wewe umeshampa mume kwa kalamu ya Biki!"

Watu wakaangua kicheko. Hakuishia hapo, maana hakuwahi kuishia mahali pa kuishia. Akaeleza kwamba kwa Mjerumani gift ni sumu, na kwa Mdenishi ni ndoa na ni sumu pia, neno lile lile. Yote yamezaliwa na neno la kutoa: zawadi hutolewa, bibi harusi hutolewa na baba yake, na sumu nayo hutolewa, kidogo kidogo, kwenye kikombe. "Wadenishi wana akili," akasema, na wanaume waliojua habari za mke wake wakacheka mpaka machozi. Edah alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hajui atazame wapi.

Akajaribu kujitetea. "Mimi nilifikiri tu… Hata simu siku hizi inatafsiri, Mwalimu. Unapiga picha tu."

"Simu inaona sura ya neno, kama wewe. Mkae pamoja, mtaelewana."

Wasomali hawana mchezo na majina ya utani. Ukiwa na mguu mbovu utaitwa Mguu Mbovu mpaka uzikwe, na ukinuna ndiyo umelipigilia msumari. Kuanzia siku ile Edah akawa Sista Zawadi. Watoto waliojua Kiswahili cha kusikia tu walimwita hivyo kwenye basi. Baada ya mwezi akaacha kuja mkahawani. Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote siku ile, tukiwa wakweli, alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta kule Saltley, Istahil.

Istahil alikuwa mjane mwenye miaka hamsini na mbili, mpishi katika jiko la shule, mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Dalmar. Mama alifika Uingereza kwa njia yake, mtoto akafika Ujerumani kwa njia yake, na mara mbili maombi ya kuwaunganisha yalikataliwa. Kijana alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, akampigia mama yake kila Ijumaa. Halafu mwezi wa pili wakagombana kwa simu, jambo la kipuuzi la kuoa na kutooa, na Ijumaa tatu zikapita kimya. Istahil akasema amenuna huyo, ana kichwa kigumu kama cha baba yake, njaa ya sauti yangu itamrudisha.

Siku ya Jumanne barua ya Kijerumani ikaanguka mlangoni. Edah, aliyekuwa akitoka shifti, aliiona mkononi mwa jirani yake pale kizingitini.

"Nikupigie picha tuone inasema nini?"

Istahil akaikumbatia bahasha kifuani. Alikumbuka kicheko, hasa chake mwenyewe, na hakutaka achekwe yeye. "La, dada. Nitangoja Jumamosi. Mambo ya kubahatisha mimi siyawezi."

Basi barua ikakaa siku nne juu ya friji, chini ya kikombe cha sukari.

Jumamosi Abdiweli aliipokea kwa vidole viwili kama kawaida yake, akavaa miwani, akakunjua karatasi. Juu kabisa paliandikwa Rathaus. Hakuweza kujizuia.

"Angalieni hili! Rathaus. Sista Zawadi angetuambia barua imetoka kwa nyumba ya panya. Kumbe Rat kwa Mjerumani ni shauri. Nyumba ya mashauri, yaani ofisi ya mji, jamani!"

Meza nzima ikacheka, na Istahil akacheka. Abdiweli akaendelea kusoma huku tabasamu bado liko usoni. Mstari wa pili ukamwambia kwamba Dalmar alifariki dunia tarehe ishirini na nane, amekutwa chumbani kwake, moyo ulisimama. Wa tatu ukamwambia kwamba anwani ya mama ilipatikana kwenye makaratasi yake. Na chini, kwa herufi nzito, ikaandikwa kwamba mama mwenyewe asipowasiliana na ofisi hiyo kabla ya Ijumaa ijayo saa sita mchana, mji utamshughulikia marehemu kwa utaratibu wake, yaani mwili utachomwa moto na majivu kuzikwa.

Lile tabasamu alilisahau usoni. Lilikaa pale tu, halina kazi.

"Wanasemaje?" Istahil akauliza.

Sasa hapa lazima tusimame, maana watu watamhukumu Abdiweli haraka, na mimi nataka ahukumiwe vizuri. Kwetu habari ya kifo haitupwi mezani. Mama haambiwi kwenye mkahawa, mbele ya wanaume wanaokunywa chai, na mtu baki. Anaambiwa kwanza kuna ugonjwa. Anaachwa na ugonjwa siku moja, mbili. Kisha wanakuja watu wa damu yake, wanawake wanaketi karibu naye, na mkubwa mmoja anasema lile neno. Kila aliyekuwa kwenye meza ile angefanya alivyofanya Abdiweli.

"Kijana anaumwa kidogo," akasema. "Yuko hospitali."

"Kidogo vipi?"

"Kidogo tu, dada Istahil. Wanakujulisha."

Istahil akashika kichwa, kisha akamshukuru Mungu kwa sauti. Aliona hata ni heri: basi hakuwa amenuna, alikuwa mgonjwa, maskini mwanangu. Akaichukua barua, akaibusu, akaiweka kwenye mkoba.

Jioni ile ile Abdiweli alimwendea Mzee Abdullahi, mkubwa wa meza, akamweleza habari ya kifo. Mzee akainamisha kichwa, akasema taratibu zinajulikana: kaka yake Istahil, Aden, dereva wa lori, yuko safari ya Uskoti na atarudi Ijumaa. Aden ndiye wa kumwambia dada yake. Wangoje.

Abdiweli hakumwambia Mzee habari ya saa sita mchana. Hapo ndipo kosa lake lilipo, wala msilitafute kwingine. Alijiambia Wajerumani nawajua mimi, nimekaa nao, kila barua yao ina tarehe ya kutishia watu. Nitapiga simu Jumatatu niombe muda, nao watanipa. Alijiona tayari akiwaeleza wenzake jinsi alivyolimaliza.

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya chakula, alisimama nyuma ya kiwanda, akaitafuta namba ya ile ofisi, akapiga. Mwanamke aliyepokea hakuwa na ukali wowote. Alimuuliza yeye ni nani wa marehemu. Akasema rafiki wa familia. Mwanamke akamjibu polepole, neno kwa neno, kwamba hawezi kuzungumza na rafiki. Apige mama, hata kwa Kiingereza, hata dakika tano tu, kabla ya Ijumaa saa sita. Akisema mama kwamba wanamtaka mtoto wao, basi watangoja. Abdiweli alielewa kila silabi. Akasema ahsante, akakata simu, akarudi kwenye vitasa.

Jioni alipofika Saltley kumjulia hali, alimkuta Istahil mlangoni pake na kopo la bati. Siku nzima ya Jumapili alikuwa amepika nyirinyiri, zile nyama za kukaushwa na kukaangwa mpaka zikawa punje, zilizolala ndani ya samli. Simu ya kijana ilikuwa haipokelewi, na alisikia kwamba chakula cha hospitali za Ulaya hakina ladha.

"Mwalimu, niandikie anwani ya hiyo hospitali. Mwandiko wako wanausoma vizuri."

Angeweza kusema. Walikuwa wawili tu, mtaa mtupu, taa za jikoni kwa Edah zinawaka upande wa pili wa ukuta. Lakini aseme vipi, peke yake, mwanamume asiye ndugu, kizingitini? Na aeleze vipi kwamba Jumamosi, mbele ya watu kumi, alitabasamu akidanganya? Alichukua kalamu. Akaandika jina la Dalmar kwa herufi zake nzuri, na chini yake jina la hospitali ambayo hakuijua, aliyoitafuta kwenye simu pale pale, katika mji wa kijana. Istahil akamwombea dua ndefu. Abdiweli akaitikia amina.

Jumatano roho haikumpa raha, akamuuliza Mzee Abdullahi kama isingekuwa bora wamwambie mama mapema.

"Kwani kuna haraka gani?" Mzee akashangaa. "Maiti yuko kwenye baridi, hana pa kwenda."

Neno moja tu lilitakiwa hapo. Ijumaa. Lakini kila siku iliyopita ilikuwa imelifanya neno hilo kuwa zito zaidi, maana Mzee angeuliza, kwa nini hukusema Jumamosi? Na Mwalimu aliyezoea kuwaaibisha watu hakujua kabisa namna ya kuaibika. Akasema, ni kweli, Mzee, hakuna haraka. Mwoga mkubwa!

Ijumaa saa sita mchana alikuwa msikitini, safu ya tatu. Akatazama saa ya ukutani mpaka mkono ukapita, kisha akasujudu na wenzake.

Alasiri Aden aliwasili, wakaenda wote Saltley. Aden alimshika dada yake mabega, akasema lile neno. Sitaeleza mlio aliotoa Istahil. Edah aliusikia ukutani akaja akikimbia na kandambili, akajipenyeza kati ya wale wanaume akamkamata jirani yake asianguke. Alipopata sauti, Istahil aliuliza jambo moja tu.

"Mtamzika wapi mwanangu? Nataka nimwone. Nataka kuwaona waoshaji wake, nataka kusikia akisaliwa. Niahidini hilo tu, sitalia tena."

"Tunakuahidi," akasema Mzee Abdullahi, na Aden akaahidi, na wote wakaahidi. Macho ya Istahil yakazunguka chumba yakamfikia Abdiweli. Naye akaahidi.

Jumatatu asubuhi Edah aliomba ruhusa kazini, akapiga ile namba iliyokuwa juu ya barua, simu ikiwa kwenye spika, Istahil pembeni yake. Mwanamke wa ofisi alizungumza Kiingereza safi. Alisema anasikitika sana, walingoja mpaka Ijumaa mchana, na kwa kuwa hakuna aliyepiga, marehemu alichukuliwa Ijumaa hiyo hiyo. Imeshafanyika, alisema. Asubuhi hii.

Edah hakutafsiri. Hakukuwa na haja, Kiingereza Istahil anakijua. Alichofanya Edah ni kuikunjua ile barua ya kwanza mezani, akaipiga picha kwa simu yake, ile simu inayoona sura tu, na maneno ya Kijerumani yakageuka mbele ya macho yao. Tarehe ikawapo. Saa ikawapo. Moto ukawapo. Istahil alisoma mara tatu, kidole kikifuata mistari.

"Alijua," akasema. "Alijua akaniandikia anwani ya kopo."

Wiki mbili Istahil hakuonekana mkahawani. Watu walikwenda kumpa pole nyumbani. Mzee Abdullahi alipoelezwa habari za ile saa sita alilia kama mtoto, maana na yeye aliahidi. Lakini kwa Abdiweli hakuna aliyekwenda, wala hakuna aliyemwambia lolote. Jumamosi aliketi mahali pake, na watu wakazungumza habari za mpira.

Jumamosi ya tatu mlango ukafunguliwa, akaingia Istahil na Edah nyuma yake. Meza ikanyamaza, ule ukimya alioupenda Abdiweli maisha yake yote. Istahil akaweka vitu viwili mbele yake: bahasha ya Kijerumani, na lile kopo la bati, limerudishwa na posta, halijafunguliwa, limebandikwa karatasi ya njano juu ya mwandiko wake mzuri.

"Nimekuletea barua, Mwalimu. Nisomee."

"Dada Istahil, tungekwenda pembeni…"

"Ya kwanza uliisomea hapa. Soma."

Akavaa miwani. Akasoma kimya mpaka mwisho, kwa mazoea, kisha akasafisha koo.

"Wanakupa pole. Wanasema marehemu… marehemu ameshughulikiwa kwa heshima."

"Haijaandikwa hivyo," akasema Edah. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha zamani na karatasi mapajani. "Sisi tumeshaisoma nyumbani, Mwalimu. Soma kama ilivyoandikwa."

"Amepumzishwa."

"Haijaandikwa amepumzishwa."

Abdiweli akatazama huku na huku, kwa Mzee Abdullahi, kwa Aden aliyesimama mlangoni, kwa wale wote waliokuwa wakicheka mizaha yake. Hakuna aliyemtupia hata kamba ya macho. Akarudi kwenye karatasi.

"Mwili wa Dalmar ulichomwa moto. Saa mbili asubuhi." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Majivu yamewekwa kwenye chombo namba… Yatazikwa kwenye uwanja wa wasio na watu wao."

"Rudia hapo mwisho."

"Wasio na watu wao."

Istahil akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha jina lake. Ndipo Edah akanyoosha mkono, akaweka kidole kwenye neno moja katikati ya barua.

"Hili hapa, Mwalimu. Asche. Mimi sijui Kijerumani, lakini nilipoliona tu nilifikiri ni ash, ni majivu. Nikajiambia, wewe Zawadi, usiangalie sura. Limetoka wapi hili?"

Abdiweli akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nifundishe. Kwa Mdenishi ni nini?"

"Majivu," akasema Abdiweli.

"Kwa Mholanzi?"

"Majivu."

"Basi hili halikudanganya mtu."

"Liandike," akasema Istahil. "Toa daftari lako uandike."

Aden akatoka mlangoni akasogea hatua moja. Abdiweli akatoa daftari la kijani mfukoni, akalifungua ukurasa mweupe. Akaandika neno la Kijerumani, chini yake la Kiingereza, chini yake la Kidenishi na la Kiholanzi, na mbele ya kila moja akaandika majivu. Mara nne. Chozi likaangukia neno la tatu likalichafua, na Istahil akamwambia aliandike upya lisomeke. Akaliandika upya.

Kisha mama akasimama. Hakumtukana. Wenye kumjua walingoja ule ulimi wake, nao haukuja. Alilisogeza kopo mpaka likagusa mkono wa Abdiweli.

"Hili lako. Kula. Nyama ni nzuri, nilimpikia mtu anayeumwa kidogo."

Wakatoka wawili, Edah akiwa amemshika mkono.

Hakuna aliyekaa kikao kulichagua jina. Majina ya namna hii hayachaguliwi, yanaokotwa. Wiki iliyofuata mtu fulani alimwona akishuka kwenye basi akasema yule anakuja, Anaumwa Kidogo, na kabla ya mwezi kwisha Sparkhill nzima ilikuwa nalo, Saltley nayo, hata wasiojua chanzo chake. Jina la Mwalimu likafa. Barua zote sasa zinakwenda kwa Edah, siku ya mapumziko yake, jikoni kwake, na kila mtu anasomewa kila kitu pale pale, hata liwe chungu namna gani. Istahil huketi karibu na kuwachemshia wageni chai.

Abdiweli bado huja Jumamosi, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Huketi peke yake, na daftari halitoki mfukoni.

Majuzi aliingia kijana mgeni, amewasili kutoka Uholanzi wiki hiyo, na barua mkononi. Akauliza ni nani hapa anasoma Kiholanzi. Wakamwelekeza kwa Edah, mtaa na namba ya nyumba.

"Na yule mzee pale?" akauliza kijana. "Nimeambiwa amekaa Uholanzi."

"Yule Anaumwa Kidogo," wakamjibu, bila hata kuinua macho.

Kijana alikuwa na adabu. Alikwenda mpaka kwenye ile meza, akampa Abdiweli mkono, akainama kidogo kama anavyoinamiwa mkubwa.

"Pole sana, mzee. Mungu atakuponya."

Abdiweli akamtazama. Mkahawa mzima ulikuwa ukisubiri kuona kama atamsahihisha.

"Ahsante, mwanangu," akasema.